Ugezi na Usahihi katika Upimaji wa Zebaki kwenye Nywele: Somo kwa Watoa Huduma na Wagonjwa

Utangulizi

Mama mjamzito anayeishi karibu na machimbo madogo ya dhahabu anapopewa karatasi inayosema kwamba nywele zake zina zebaki miligramu 1.2 kwa kilo, namba hiyo huanza kufanya kazi mara moja. Huenda akashauriwa kubadili aina ya samaki anayekula, mumewe akaulizwa anachomea wapi dhahabu, na mtoto atakayezaliwa akaandikwa miongoni mwa wanaopaswa kufuatiliwa ukuaji wao. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo lenye maana ikiwa namba yenyewe si ya kweli. Kumkataza mjamzito samaki kwa sababu ya namba iliyozidishwa ni kumnyima protini na mafuta yanayojenga ubongo wa mtoto. Kumwambia yuko salama kwa sababu ya namba iliyopunguzwa ni kumwacha katika hatari.

Makala hii inaeleza jinsi zebaki inavyopimwa moja kwa moja katika sampuli yabisi, hasa nywele, kwa njia ya ufyonzaji wa mwanga wa atomu. Jinsi mashine inavyogeziwa. Na mambo yanayofanya majibu yaaminike au yasiaminike. Msomaji hahitaji kuwa mkemia. Mtoa huduma akimaliza kuisoma anatarajiwa aweze kuchagua sampuli inayofaa, kuiuliza maabara maswali ya msingi, na kumfafanulia mgonjwa majibu yake bila kumtia hofu isiyo na sababu wala kumpa faraja ya uongo.

Zebaki ya aina gani, sampuli gani?

Zebaki huingia mwilini kwa njia kuu tatu, na kila njia huacha alama yake mahali tofauti.

Ya kwanza ni mvuke. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya huchanganya mchanga wenye dhahabu na zebaki, kisha huchoma donge linalopatikana ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huingia kwenye mapafu, hupita kwenye damu, na hatimaye hujikusanya katika figo na ubongo. Kipimo kinachofaa hapa ni mkojo, ambao matokeo yake husomwa kwa kulinganishwa na kreatinini ili mkojo mzito na mwepesi visichanganywe.

Ya pili ni chumvi za zebaki, ambazo hupatikana katika baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Hapa pia mkojo ndio shahidi bora, pamoja na kupima krimu yenyewe.

Ya tatu ni zebaki ya methili. Zebaki inayofika majini hubadilishwa na bakteria wa kwenye matope, humezwa na viumbe wadogo, na huongezeka kadiri samaki mkubwa anavyokula mdogo. Kwa hiyo samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama sangara, kwa kawaida huwa na kiasi kikubwa kuliko dagaa wa maji yale yale. Aina hii huvuka kondo la nyuma na kufikia ubongo wa kijusi. Nywele ndizo zinazoihifadhi vizuri: nywele inapoota huchukua zebaki kutoka kwenye damu, na kiasi kilichomo ndani yake huwa takribani mara 250 ya kile cha damu. Hivyo nywele yenye miligramu 1 kwa kilo hulingana na damu yenye takribani mikrogramu 4 kwa lita.

Kwa kuwa nywele hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi, huwa pia kama daftari la tarehe. Jambo hili lilidhihirika nchini Irak katika majira ya baridi ya 1971 na 1972, ambapo familia za vijijini zilioka mikate kwa ngano ya mbegu iliyokuwa imepakwa dawa ya kuua ukungu yenye zebaki ya methili. Watu 6,530 walilazwa hospitalini na 459 kati yao wakafa humo. Watafiti walizikata nywele za akina mama vipande vipande kuanzia kwenye mzizi, wakapima kila kipande, na wakaweza kujua ni katika miezi ipi ya ujauzito sumu iliingia kwa wingi zaidi.

Mashine hufanya nini?

Kila elementi hufyonza mwanga wa rangi zake maalumu. Atomu za zebaki zikiwa katika hali ya gesi hufyonza mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 253.7, ambao macho ya binadamu hayauoni. Taa yenye zebaki ikiwaka upande mmoja wa bomba na kipokea mwanga kikiwekwa upande wa pili, upungufu wa mwanga unaofika hueleza ni atomu ngapi zilizo njiani. Hii ndiyo kanuni ambayo Alan Walsh, akifanya kazi Australia katika miaka ya 1950, aliigeuza kuwa mbinu ya kila siku ya maabara. Muda mfupi baadaye Boris L'vov wa Leningrad alionyesha kwamba sampuli inaweza kugeuzwa kuwa mvuke ndani ya tanuri la grafiti badala ya mwali wa moto, na hapo mlango wa kupima vitu yabisi ukafunguka.

Katika njia ya kawaida, nywele huyeyushwa kwanza kwa asidi kali na joto. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, hutumia kemikali za hatari, na katika kila hatua zebaki kidogo inaweza kupotea au kuongezeka kutoka kwenye vyombo. Katika njia ya moja kwa moja, nywele zilizokatwakatwa, tuseme miligramu 20, huwekwa kwenye kisahani chenye umbo la mtumbwi na kupimwa uzito. Kisahani huingizwa katika tanuri. Nywele hukaushwa, kisha huunguzwa katika mkondo wa oksijeni. Moshi hupitishwa kwenye kichocheo kinachoshika gesi zinazoweza kuvuruga kipimo. Zebaki pekee husonga mbele na kunaswa na dhahabu iliyo ndani ya mashine, kwa tabia ile ile inayomfanya mchimbaji aitumie. Mwishoni dhahabu hiyo hupashwa joto kwa ghafla, zebaki huachiwa yote kwa pamoja, hupita mbele ya mwanga, na mashine hupima ukubwa wa kivuli chake. Sampuli moja huchukua dakika chache tu.

Msomaji azingatie jambo moja: mashine haioni miligramu kwa kilo. Huona jumla ya zebaki iliyopita mbele ya mwanga, kwa nanogramu. Ni mtu, au programu aliyoielekeza, anayeigawanya jumla hiyo kwa uzito wa nywele. Kwa hiyo jibu la mgonjwa hutegemea vifaa viwili, yaani mashine na mizani, na kila kimoja kina haki sawa ya kukosea.

Ugezi ni nini?

Kugezi ni kulinganisha kifaa na kipimo kinachojulikana, ili ijulikane kifaa kinaposema namba fulani kinamaanisha nini. Mfanyabiashara wa dagaa sokoni anafahamu jambo hili: mizani yake hukaguliwa kwa mawe ambayo uzito wake umethibitishwa, na mawe hayo nayo yalilinganishwa na mengine yaliyo bora zaidi. Mnyororo huo usipokatika, kilo ya Kigoma huwa sawa na kilo ya Paris.

Katika upimaji wa zebaki, jiwe la mizani ni myeyusho sanifu. Tuseme maabara ina myeyusho wenye nanogramu 100 za zebaki katika kila mililita. Mikrolita 50 zitakuwa na nanogramu 5, mikrolita 100 nanogramu 10, mikrolita 200 nanogramu 20, na mikrolita 400 nanogramu 40. Viwango hivi, pamoja na kisahani kitupu kinachowakilisha sifuri, hupimwa kimoja kimoja. Kisha grafu huchorwa: zebaki iliyowekwa kwenye mhimili mmoja, ishara ya mashine kwenye mwingine. Mstari unaopita katika nukta hizo ndio mstari wa ugezi, na sampuli ya mgonjwa husomwa juu yake.

Kanuni tatu hutokana na picha hiyo.

Kwanza, sampuli isomwe ndani ya mipaka ya mstari. Nywele za miligramu 20 zenye zebaki miligramu 1 kwa kilo hutoa nanogramu 20, yaani katikati ya mstari. Hapo pana usalama. Nywele za uzito huo huo zenye miligramu 10 kwa kilo hutoa nanogramu 200, mbali kabisa na nukta ya mwisho. Mstari wa ufyonzaji haubaki mnyoofu daima. Ishara inapokuwa kubwa huanza kupinda. Anayeurefusha kwa rula hadi nanogramu 200 huandika namba ndogo kuliko ukweli, na anayeumia ni yule mgonjwa mwenye sumu nyingi zaidi.

Pili, sifuri ipimwe, isidhaniwe. Kisahani, hewa na oksijeni vinaweza kuwa na zebaki kidogo. Kiasi hicho kisipoondolewa, huongeza jibu la kila mtu, na huongeza zaidi jibu la sampuli ndogo.

Tatu, mstari mnyoofu si ushahidi wa ukweli. Watu wengi wa maabara hufurahia wanapoona nukta zote zimepangika juu ya mstari. Lakini myeyusho uliotengenezwa vibaya hutoa mstari mnyoofu vilevile. Mteremko wake ndio unaokuwa wa uongo. Fundi seremala anayetumia futi kamba iliyokatika sentimita 2 za mwanzo atapata vipimo vinavyokubaliana kila mara, na kabati lisiloingia mlangoni.

Myeyusho au unga?

Swali ambalo limewashughulisha wataalamu wa sampuli yabisi kwa miongo mingi ni hili: je, ni halali kugezi kwa maji kisha kupima nywele? Jibu hutegemea elementi na mashine.

Kwa zebaki, mara nyingi ni halali. Dhahabu iliyo ndani ya mashine huitenganisha zebaki na kila kitu kingine kabla ya kipimo, kwa hiyo nanogramu 10 zilizotoka kwenye maji na nanogramu 10 zilizotoka kwenye nywele hufika mbele ya mwanga zikiwa sawa, mradi nywele ziungue zote.

Kwa risasi katika udongo unaoliwa na baadhi ya wajawazito, hali ni tofauti. Risasi hupimwa katika tanuri la grafiti, na hugeuka mvuke ikiwa bado imezungukwa na madini ya udongo. Chumvi na moshi wa udongo huzuia mwanga, na mashine isiyoweza kutofautisha moshi na atomu huhesabu vyote kuwa ni risasi. Ndiyo maana mashine hizo hutumia taa ya pili au nguvu ya sumaku kuondoa kivuli kisicho cha atomu. Aidha, risasi iliyofungwa ndani ya chembe ya udongo huchelewa kutoka kuliko ile ya kwenye maji, hivyo kilele cha ishara huwa kifupi na kipana. Anayesoma kimo cha kilele atapunguza jibu. Anayesoma eneo lote chini ya kilele hukaribia ukweli zaidi. Hapo ni bora kugezi kwa unga wa udongo ambao risasi yake inajulikana.

Unga wa namna hiyo huitwa nyenzo rejea iliyothibitishwa. Ni nywele, samaki au udongo uliosagwa na kuchanganywa vizuri, ukapimwa kwa uangalifu mkubwa na kwa mbinu zaidi ya moja, kisha ukapewa cheti kinachotaja kiasi kilichomo na kiasi cha shaka kilichobaki. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limewahi kutayarisha unga wa nywele za binadamu kwa kazi hii. Cheti huweza pia kutaja uzito mdogo kabisa unaoruhusiwa kutumiwa, kwa maana chini ya hapo unga hauwakilishi tena chupa nzima. Aidha, nyenzo iliyotumika kugezi isitumike tena kuthibitisha ugezi ule ule. Shahidi hawezi kujithibitisha mwenyewe. Sharti awepo wa pili.

Ugumu wa kitu kisichoyeyushwa

Sampuli ya maji ikiwa na zebaki nyingi mno huongezwa maji. Nywele haziwezi kuongezwa maji. Njia inayobaki ni kupunguza uzito, na hapo matatizo mawili huzaliwa. La kwanza ni la mizani: mizani inayosoma hadi miligramu 0.1 ina shaka ndogo kwa nywele za miligramu 20, yaani asilimia 0.5, lakini kwa miligramu 2 shaka hiyo hupanda hadi asilimia 5. Nywele kavu nazo hubeba umeme tuli na kuifanya namba ya mizani iyumbe. La pili ni la uwakilishi: unywele mmoja si sawa na mwingine, na ncha si sawa na mzizi. Kipande kidogo sana hueleza habari za unywele huo, si za mtu. Kwa hiyo ni afadhali maabara iwe na mstari wa pili wa ugezi kwa viwango vya juu kuliko kubana uzito kupita kiasi.

Tatizo jingine ni kumbukumbu ya mashine. Krimu ya kung'arisha ngozi inaweza kuwa na zebaki maelfu ya mara kuliko nywele. Ikipimwa krimu kisha nywele, mabaki ya krimu huongezwa kwenye hesabu ya mwenye nywele. Visahani vitupu hupaswa kupitishwa hadi ishara irudi kwenye sifuri, na ni busara zaidi krimu ziwe na siku yake.

Lipo jaribio rahisi linalofichua mengi ya makosa haya. Sampuli moja iliyochanganywa vizuri hupimwa kwa uzito wa miligramu 10, 20, 30 na 40. Jibu kwa kilo linapaswa kuwa lile lile. Likishuka kadiri uzito unavyoongezeka, huenda nywele haziungui zote au mstari umeanza kupinda. Likiwa kubwa kwa uzito mdogo na kushuka baadaye hadi kutulia, huenda sifuri haikuondolewa.

Mfano wa hesabu

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Nywele za mjamzito zenye uzito wa miligramu 20.4 zinatoa nanogramu 25.1 kwenye mstari wa ugezi. Kisahani kitupu kinatoa nanogramu 0.3. Tofauti ni nanogramu 24.8, zikigawanywa kwa miligramu 20.4 jibu ni 1.22. Nanogramu kwa miligramu ni sawa na miligramu kwa kilo. Sampuli inapimwa mara mbili zaidi na kutoa 1.15 na 1.29. Wastani wa majibu matatu ni 1.22 na mtawanyiko wake ni 0.07, takribani asilimia 6. Mtaalamu anaweza kuridhika.

Siku hiyo hiyo unga wa nywele wenye cheti cha 0.60, kwa shaka ya 0.04 juu au chini, unapimwa mara tatu: 0.70, 0.71 na 0.69. Majibu yanakaribiana kwa namna ya kupendeza, lakini yote yamezidi ukweli kwa asilimia 17. Hapa ndipo ukaribiano na usahihi vinapoachana. Ukaribiano ni majibu kukubaliana yenyewe kwa yenyewe. Usahihi ni majibu kukubaliana na ukweli. Kurudia kipimo mara mia hakuwezi kutibu kosa la aina hii.

Chanzo ni nini? Zebaki katika myeyusho hafifu ina tabia ya kutoroka: hushikamana na kuta za chupa ya plastiki au hupotea hewani, hasa asidi ya kuihifadhi ikiwa haitoshi au myeyusho ukiwa umekaa muda mrefu. Ikiwa chupa iliyoandikwa nanogramu 100 kwa mililita imebaki na takribani 86, mashine hufundishwa kwamba ishara ndogo ni zebaki nyingi. Kila mgonjwa wa siku hiyo huonekana na zebaki kuliko aliyo nayo. Jibu la 1.22 kwa kweli lilikuwa karibu na 1.05, na mgonjwa mwingine aliyeandikiwa 1.10 alikuwa na 0.94.

Si sahihi kuzidisha majibu yote kwa namba ya marekebisho na kuyatuma. Chanzo kilichodhaniwa huenda sicho. Myeyusho mpya hutengenezwa, mizani hukaguliwa, mstari huchorwa upya, unga wa cheti hupimwa tena, na ndipo sampuli za wagonjwa hurudiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: unga wa cheti ukipimwa mwanzo wa kazi, katikati na mwisho, kosa hukamatwa kabla halijatoka nje ya maabara.

Kosa ambalo mashine haiwezi kulisahihisha

Mashine iliyogeziwa kikamilifu bado inaweza kutoa namba sahihi isiyo na maana. Nywele za mchomaji dhahabu hupokea zebaki kutoka kwenye damu, na pia kutoka kwenye mvuke unaotua juu yake. Mashine huziunguza zote pamoja na kutoa jumla. Kuosha nywele kabla ya kupima husaidia kuondoa vumbi na mafuta, lakini hakuwezi kutenganisha kikamilifu zebaki ya nje iliyokwisha kushikamana na unywele.

Funzo kama hili lilipatikana katika Kanda ya Ziwa Victoria katika miaka ya 1990. Nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa mjini zilipopimwa, baadhi ya watu walikuwa na viwango vya juu sana ambavyo samaki pekee hawakuweza kuvieleza. Sehemu kubwa ya zebaki hiyo haikuwa ya methili, na sabuni zenye zebaki zilishukiwa kuwa chanzo. Jumla ya zebaki haikutosha kuutambua ugonjwa. Ilihitaji historia ya mgonjwa.

Kwa hiyo uchukuaji wa sampuli ni sehemu ya usahihi. Nywele hukatwa nyuma ya kichwa, karibu kabisa na ngozi, kwa mkasi safi wa chuma kisichoshika kutu. Upande wa mzizi huwekwa alama. Fomu hutaja kazi ya mgonjwa, aina ya samaki anaokula na mara ngapi, krimu na sabuni anazotumia, na kama nywele zimetiwa dawa ya kulainisha au kupindwa, kwa sababu kemikali za namna hiyo zinaweza kupunguza zebaki iliyomo. Mtoa huduma ahakikishe hakati nywele za bandia zilizosukwa pamoja na za asili. Mgonjwa aliyenyoa asisubirishwe miezi. Damu inaweza kuchukua nafasi ya nywele.

Kusoma majibu

Kiwango cha takribani miligramu 1 kwa kilo kinachotajwa mara nyingi kinatokana na dozi rejea ya Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani, ambayo ni mikrogramu 0.1 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Dozi hiyo ilipunguzwa makusudi chini ya viwango vilivyohusishwa na madhara, ili kumlinda kijusi. Si mpaka kati ya afya na ugonjwa. Watu wengi duniani wanaokula samaki mara kwa mara hukivuka bila dalili yoyote.

Jibu zuri la maabara huja na shaka yake. Ikiwa jibu ni 1.05 na shaka ni asilimia 15, ukweli uko takribani kati ya 0.89 na 1.21. Haiwezekani kusema kwa uhakika kwamba mgonjwa amevuka au hajavuka 1. Linaloweza kusemwa ni kwamba yuko karibu na kiwango hicho, na ushauri unaofuata ni wa kiasi: aendelee kula samaki, achague dagaa na samaki wadogo badala ya wakubwa wanaokula wenzao, akae mbali na uchomaji wa dhahabu, aache krimu zisizojulikana, na apimwe tena. Jibu la 10 ni habari nyingine. Hapo shaka ya asilimia 15 haibadili uamuzi, na chanzo hutafutwa bila kuchelewa.

Mgonjwa, au mtoa huduma kwa niaba yake, ana haki ya kuuliza: Je, nyenzo rejea ilipimwa siku ile, na ilitoa jibu gani? Je, sampuli ilirudiwa mara ngapi? Je, jibu liko ndani ya mstari wa ugezi? Je, maabara ina ithibati kwa kipimo hiki, na mizani yake iligeziwa lini? Maabara iliyojipanga haikasirishwi na maswali haya. Majibu yake yamo tayari kwenye daftari.

Maswali ya kujipima

1. Nywele za miligramu 15.0 zimetoa nanogramu 12.3, na kisahani kitupu nanogramu 0.3. Jibu ni lipi? (Nanogramu 12.0 zikigawanywa kwa 15.0 ni miligramu 0.80 kwa kilo.)

2. Unga wa cheti cha 0.60 umetoa 0.61 asubuhi, 0.60 mchana, na 0.73 mara tu baada ya kupimwa krimu. Nini kinashukiwa, na nini kifanyike? (Mabaki ya krimu ndani ya mashine. Visahani vitupu vipitishwe hadi sifuri irudi, unga upimwe tena, na kila sampuli iliyopimwa baada ya krimu irudiwe.)

3. Mchomaji dhahabu mwenye kutetemeka mikono ana zebaki 0.7 katika nywele. Je, aambiwe kwamba zebaki si tatizo lake? (Hapana. Mvuke huonekana zaidi katika mkojo. Apimwe mkojo na achunguzwe kwa kina.)

Hitimisho

Upimaji wa moja kwa moja umeondoa asidi, saa za kusubiri na sehemu kubwa ya makosa ya matayarisho. Haukuondoa wajibu wa kulinganisha, kurudia na kushuku. Namba ya zebaki huaminika pale myeyusho sanifu unapokuwa mpya, mizani inapokuwa kweli, sifuri inapokuwa imepimwa, unga wa cheti unapokuwa umekubali, na aliyekata nywele anapokuwa ameuliza kwanza mgonjwa anafanya kazi gani, anakula nini na anajipaka nini. Kimoja kikikosekana, maabara irudie kabla mgonjwa hajaitwa.